Farasi Hagomi Bure

MASWALI YENU KWA MWALIMU WA FARASI

Barua za mwezi huu zimenifuata hadi Naivasha, ninakofundisha watoto walio likizoni. Nimezijibu usiku baada ya kazi. Nyingine nimezifupisha, wenyewe mniwie radhi.

*

"Mwalimu, binti yangu ana miaka 11 na anajifunza kupanda farasi huku Karen. Poni wake alikuwa mtulivu, lakini tangu mvua zianze anasimama ghafla mbele ya miti ya kuruka, na juzi mtoto alibaki ananing'inia shingoni. Mwalimu wake anapiga kelele: 'Mchape! Mwonyeshe nani bosi!' Mtoto hataki kuchapa, na sasa hataki hata kurudi. Ni laini mno kwa mchezo huu?" Mama wa mmoja, Nairobi

Mama, mtoto wako hana kasoro. Umetaja jambo moja ambalo mwalimu wake angepaswa kulishika hapohapo: tangu mvua zianze. Majani mabichi yakiota, poni hunenepa upesi kuliko farasi wakubwa, na tandiko lililomkaa vizuri Februari linaweza kuwa linambana Mei. Sisemi ndiyo sababu. Nasema ningeanzia hapo, nikiwa bado sijagusa fimbo.

Omba uwepo siku moja tandiko linapoondolewa baada ya kazi. Tazama alama ya jasho mgongoni. Pande zote mbili zikiwa zimelowa sawasawa, vyema. Ukiona kiraka kikavu katikati ya jasho, hasa nyuma ya bega, mara nyingi ndipo tandiko linapogandamiza kupita kiasi. Nywele nyeupe zilizochipuka mahali hapo zinasema tatizo ni la siku nyingi. Kisha mwombe saisi, yaani mtunza farasi, apitishe vidole kando ya uti wa mgongo, pande zote mbili, akibonyeza kama anavyobonyeza embe sokoni kujua limeiva. Poni asiye na maumivu ataendelea kutafuna majani. Mwenye maumivu atauzamisha mgongo, atalaza masikio nyuma, au atakaza mdomo na kukunja ngozi juu ya jicho. Watu husubiri teke ndipo waamini, na teke ni neno la mwisho kabisa la farasi.

Mgongo ukiwa salama, nenda mdomoni. Meno ya farasi huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote na kingo zake huwa kali kama hazijasagwa, zikachana shavu kwa ndani kila hatamu zinapovutwa. Daktari ayaangalie angalau mara moja kwa mwaka. Halafu kwato: fundi wa kwato alikuja lini? Ikishapita wiki nane, mwiteni.

Hayo yote yakiwa sawa, sasa ndiyo tumtazame mpandaji. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Hapa anayepasuka ni farasi mwenyewe, maana anaambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Mtoto mwenye hofu hubana miguu, na hiyo ni amri ya kwenda. Papo hapo anang'ang'ania hatamu, na hiyo ni amri ya kusimama. Poni akiruka, mikono inabaki nyuma na lijamu, kile chuma cha mdomoni, linamkata mdomo angali hewani. Mara ya tatu ameshajifunza kwamba kuruka kunauma. Dawa yake ni rahisi: mfungeni poni mkanda wa ngozi shingoni, mkanda wa zamani wa vikuku vya kuwekea miguu unatosha, na mtoto aushike huo badala ya hatamu. Miti mishusheni mpaka chini kabisa, avuke kwa kutembea. Wiki mbili tatu za namna hiyo hazimpotezei mtu chochote.

Kuhusu fimbo. Mtoto mpaka akae sawa, akusanye hatamu, aitafute fimbo na kuchapa, sekunde kadhaa zimepita na poni anafanya jambo jingine kabisa. Pengine amesimama kwa utulivu, na hilo ndilo analochapiwa. Dunia nzima iliona mambo haya Agosti 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo, katika mashindano ya pentathlon, ambako mshindani mmoja hucheza michezo mitano, kupanda farasi ukiwa mmojawapo. Mpandaji wa Ujerumani alikuwa anaongoza, akapangiwa kwa kura farasi aitwaye Saint Boy, na kwa kanuni za mchezo ule walipewa dakika 20 tu za kuzoeana. Farasi akagoma. Mpandaji analia, kocha yuko kando anamwambia achape, kisha kocha mwenyewe akaonekana kumpiga farasi ngumi na akaondolewa kwenye michezo. Shirikisho likaamua kuondoa farasi kwenye mchezo huo baada ya Paris 2024. Fimbo zote zile hazikumfanya Saint Boy amalize mzunguko.

Kwa mwalimu wake usiende na ugomvi. Muulize tu: "Nani aliuangalia mgongo wa huyu poni mara ya mwisho, na lini?" Akikupa tarehe, mko mikono mizuri. Akicheka, mhamishe mtoto.

*

"Kaka mwalimu, mimi ni saisi huku Nanyuki. Kuna jike mwekundu, mstaafu wa mbio za Ng'ong. Kila nikifunga mkanda wa tumbo anageuka kutaka kuniuma. Bosi anasema ni kiburi, nimchape kofi la pua. Nifanyeje, na farasi si wangu?" Saisi, Nanyuki

Kaka, kofi la pua litamfundisha kuuma bila kutoa onyo, basi. Nieleze analala saa ngapi bila chakula.

Farasi ameumbwa ale kidogo kidogo mchana na usiku. Akiachiwa malishoni atatafuna hata saa 16 kwa siku. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 hivi, na linamwaga asidi muda wote, ana chakula hana chakula. Sasa fikiria maisha ya farasi wa mbio: nafaka nyingi, nyasi kidogo, kufungiwa bandani, kazi alfajiri tumbo likiwa tupu. Akikimbia, asidi inaruka na kugusa sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Vidonda vya tumbo kwa farasi wa mbio ni jambo la kawaida sana, na moja ya dalili zake ni hiyohiyo, kuchukia mkanda. Dalili nyingine ni kuacha nafaka katikati ya kula, kukonda, manyoya kukosa mng'ao.

Usimfunge mkanda kwa nguvu moja. Tundu la kwanza, mtembeze hatua chache, tundu la pili, mtembeze tena. Mpe konzi mbili tatu za nyasi kavu kabla ya kazi, boma rhodes inatosha, ili asidi iwe na kitu cha kulalia. Jioni muongezee wavu wa nyasi zifike usiku wa manane.

Bosi usimwambie amekosea, utafukuzwa. Chukua daftari. Andika saa ya chakula, saa ya kazi, alivyofanya mkanda ulipofungwa. Baada ya wiki mbili mpe daftari na kusema, "Bosi, nimeona siku alizokula kwanza hakuuma." Mwenye farasi atakayepuuza maoni ya saisi hupata shida kupuuza kurasa zenye tarehe. Daktari akija ana kamera ya kuingiza tumboni, na dawa ni omeprazole, ileile wanayopewa watu. Ila si ya kununua kienyeji. Dozi ya farasi ni ya daktari.

*

"Mwalimu, nina miaka 19, nafanya kazi zizini karibu na Machakos. Nataka siku moja niwe mwalimu kama wewe, na watu wanasema farasi wako hawapigwi. Ulifikaje hapo? Ulikuwa hivyo tangu mwanzo?" Kijana, Machakos

Mdogo wangu, hakuna aliyezaliwa hivyo. Nimekulia kwenye nyumba za masaisi, baba akiwa saisi wa farasi wa mbio, na lugha ya pale ilikuwa moja: farasi akikushinda leo, kesho hutamweza. Tuliamini hivyo kama tunavyoamini jua litachomoza.

Mtu aliyenifungua macho hakuwa na cheti wala viatu vya kupandia. Alikuwa saisi mzee, mkimya, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Siku hiyo kulikuwa na farasi dume anakataa kuingia kwenye lori. Wanaume wanne wanahangaika naye, wawili mbele wanavuta, wawili nyuma wana kamba na ufagio. Farasi anasimama kwa miguu ya nyuma, anatokwa na povu. Mzee akaja, akawaambia wote wakanywe chai. Mimi nilikuwa nabeba ndoo za maji, kwa hiyo nilibaki.

Alisimama kwenye mbao za kupandia lorini, kamba mkononi, macho yake chini. Kamba aliishika ikiwa imekaza kidogo tu, kiasi cha farasi kuihisi. Akakaa hivyo. Farasi akarudi nyuma, mzee akamfuata bila kuongeza nguvu wala kupunguza. Kisha farasi akaegemea mbele, hata hakuinua mguu, uzito wa mwili tu ulihama. Papo hapo mzee akalegeza kamba kabisa, akamkuna shingo, akangoja. Akakaza tena kidogo. Farasi akainua kwato moja, akaiweka juu ya mbao. Kamba ikalegea. Chai ilipokuwa inaisha, farasi alikuwa ndani ya lori anakula nyasi. Wale wanaume walisema farasi alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa nimeuona ule mkono.

Ndiyo elimu yenyewe hiyo. Farasi hajifunzi wakati unapomkaza, anajifunza wakati unapomwachia. Ukimwachia alipojaribu, atajaribu tena. Ukimwachia aliposimama kwa miguu ya nyuma kwa sababu umeogopa, umemfundisha kusimama kwa miguu ya nyuma. Baadaye nilipofanya mitihani ya British Horse Society nilikuta mambo ya mzee yule yameandikwa kwa maneno marefu, na kuna chama cha kimataifa cha wanasayansi wa upandaji, ISES, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinachosisitiza jambo hilohilo: shinikizo lianze dogo na liondoke mara farasi anapojibu. Wao pia wanataka ukanda wa pua uachie nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa wa pua. Jaribu kwenye mazizi unayoyajua uone ni kanda ngapi zinazoingiza hata kimoja.

Leo somo langu huanza mwanafunzi akiwa chini, robo saa nzima, anampiga brashi farasi na kuniambia anachokiona. Wazazi hulalamika. "Mwalimu, tunalipa mtoto apande." Najibu kwamba ameshaanza kupanda. Wengine wamehama, na sina kinyongo. Walimu wa kupandisha tu wapo tele.

Wewe anza na kazi uliyonayo. Mtu anayesafisha banda kila siku anajua farasi alilala upande gani, kinyesi kimebadilika lini, nani hakumaliza maji. Walimu wengi wa mjini hawana elimu hiyo na hawataipata. Vyeti tafuta, vinafungua milango. Lakini muombe yeyote mwenye mkono mzuri akuruhusu ubebe ndoo karibu naye.

*

"Assalamu alaykum mwalimu. Niko Muskat, wazee wetu walitoka Unguja. Mwanangu anafundishwa kupanda na mtu wa Ulaya, na kila siku ni 'msikilize farasi'. Babu yake anacheka, anasema huo ni ulaini wa Wazungu wa siku hizi." Baba Salma, Muskat

Wa alaykum salaam, Baba Salma. Mpe babu salamu zangu, kisha umwambie kwamba Xenophon, mwanajeshi wa Ugiriki aliyewahi kwenda vitani, aliandika kitabu cha farasi yapata miaka 350 kabla ya Kristo, na sharti lake mojawapo ni kutomkabili farasi ukiwa na hasira. Huyo hakuwa Mzungu wa siku hizi.

Na babu ana ushahidi karibu zaidi na nyumbani. Ardha, maonyesho ya farasi na ngamia ya Oman yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2018, ina wapandaji wanaokwenda mbio wawili wawili, wameshikana mikono, wengine wamesimama wima migongoni. Muulize kama farasi anayemwogopa bwana wake angeweza kufanyiwa hivyo. Kumsikiliza farasi na kumwacha afanye apendavyo ni mambo mawili tofauti. Huenda mwalimu wa mwanao analieleza la kwanza na babu anasikia la pili.

*

"Nilianguka mwaka jana huku Usa River. Mfupa ulipona, lakini sasa nikikaribia farasi moyo unadunda, na yule farasi mpole kabisa naye anaanza kuhangaika. Mume wangu anasema ni mawazo yangu tu." Mwoga, Arusha

Dada, mwambie shemeji si mawazo. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio zuri. Watu waliongoza au kupanda farasi kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine mara kadhaa, wote wawili mapigo yao ya moyo yakipimwa. Kabla ya safari ya nne mtu akaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Moyo wa mtu ulienda mbio, na wa farasi ulienda mbio vilevile, ingawa yeye hakuambiwa habari za mwavuli.

Zamani zaidi, Berlin, kulikuwa na farasi Hans aliyesifika kwa hesabu. Unamuuliza saba na tano ni ngapi, anagonga kwato mara 12. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba Hans hakujua hesabu. Alikuwa anasoma kichwa cha muulizaji, ambacho kilitikisika kidogo sana jibu lilipofikiwa, bila mwenyewe kujua. Kinachonifurahisha ni kwamba Pfungst, hata baada ya kuligundua hilo, alishindwa kujizuia asimpe Hans ishara. Basi na wewe usijaribu kumficha farasi hofu yako. Hutaweza.

Ipe hofu kazi. Wiki hizi za kwanza usipande. Simama ubavuni pake, karibu na bega, utazame ubavu wake unavyopanda na kushuka. Hesabu pumzi zake dakika nzima. Farasi aliyetulia huvuta kati ya 8 na 16. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, wenyewe kwa wenyewe hukunana hapohapo, na watafiti Wafaransa walipima wakakuta mapigo ya moyo hushuka. Kukuna, sio kupigapiga makofi ya pongezi. Ukimaliza kuhesabu zake utakuta zako zimepungua zenyewe. Akishusha shingo, akapuliza pua, akalamba midomo, nenda nyumbani. Siku ya kupanda ikifika, toa pumzi ndefu kabla ya kila kona au imba. Huwezi kuimba huku umebana pumzi. Taarabu inafaa sana, wanafunzi wangu wameshajua.

*

"Farasi wangu ananipenda mimi au anapenda karoti zangu?" Mwanafunzi, Kisumu

Nenda siku moja bila karoti, halafu usituandikie matokeo.

*

"Nina kilo 96. Ni ukatili nikipanda farasi? Nimeona aibu kuuliza kule ninakojifunzia." Mzito, Eldoret

Kaka, aibu weka pembeni, hili ni suala la mizani. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mzigo wote, yaani wewe, nguo, kofia na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Huko Ohio mwaka 2008 walichapisha utafiti wa farasi waliobebeshwa asilimia 15, 20, 25 na 30. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda zaidi na misuli ikauma kesho yake.

Uzito wa farasi unaupata kwa futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko vya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Farasi mwenye kifua cha 185 na urefu wa 165 anakupa kilo 475 hivi. Asilimia 20 yake ni 95. Wewe na tandiko la kilo 9 mmeshafika 105, bado viatu. Huyo ni mdogo kwako. Omba mwenye kilo 550 au zaidi, mwenye mifupa minene, na asiwe amefikia kilo hizo kwa kitambi, maana mafuta hayabebi mtu.

Anza na nusu saa, sehemu kubwa iwe kutembea. Na usipande kwa kujivuta kutoka chini: kikuku kinalivuta tandiko upande mmoja na mgongo unapindwa kila siku upande uleule. Ngazi ya mbao ya hatua tatu, fundi yeyote wa hapo Eldoret atakutengenezea.